Kipimo Kianze Jikoni: Kiasi katika Mazoea ya Kila Siku

Maandishi ya mazungumzo ya elimu ya umma, yaliyotayarishwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi, mikutano ya vyama na mikutano ya vikundi vya usimamizi wa fuo katika kaunti za Migori na Homa Bay.



Eneo hili linajua kupima. Katika soko la Oyugis mahindi huuzwa kwa gorogoro, na mnunuzi husimama karibu kuona kama muuzaji amejaza mpaka juu. Kule Awendo, miwa haihesabiwi kuwa imefika kiwandani kabla trekta haijapita kwenye mizani. Mbita na Muhuru Bay samaki hutundikwa mbele ya macho ya mvuvi aliyemleta. Na huko Macalder, mchimbaji huweka dhahabu yake juu ya mizani ndogo inayosoma hata sehemu ya gramu. Akipunjwa punje moja, anajua, na atasema.

Lakini mtu huyo huyo akirudi nyumbani jioni, kipimo hubaki sokoni. Chumvi hutiwa kwa kiganja. Sukari hutiwa kwa kijiko chenye kilima. Mafuta humiminwa mpaka jicho litosheke. Kinachouzwa kinapimwa, kinacholiwa hakipimwi. Mtu hulinda mfuko wake kwa gramu na kuuacha mwili wake ukadiriwe kwa macho.

Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo moja: kiasi. Kiasi si kujinyima, wala si dhiki. Kiasi ni kipimo ambacho mtu amekiamua kabla mkono haujaenda. Anayesubiri kuamua akiwa mezani, akiwa baa, au akiwa na simu mkononi, mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Kwa nini sasa

Mwaka 2015 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu, yaani presha. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Na zaidi ya watu tisa kati ya kumi walikuwa hawali mboga na matunda ya kutosha.

Takwimu ya pili ndiyo ya kutisha zaidi, kwa sababu presha haina kelele. Malaria humlaza mtu siku hiyo hiyo. Presha humwacha alime, apige kasia, abebe abiria, aende kanisani au msikitini, na siku moja imwangushe kwa kiharusi akiwa bado mtu wa makamo. Hapo familia huuza ng'ombe, mtoto hukosa karo, na mtu mmoja huacha kazi yake ili amhudumie mgonjwa kitandani. Gharama ya kijiko haionekani siku kijiko kinapotiwa. Huonekana miaka mingi baadaye, na hulipwa na nyumba nzima.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo husemwa kusifu akiba. Lakini inasema kweli kwa upande wa pili pia. Madhara nayo hujaa haba na haba, na kibaba kikishajaa hakuna anayekumbuka punje iliyotangulia.

Sufuria ya chai

Nyumba nyingi hapa huchemsha chai pamoja: maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja. Ni desturi nzuri, inakusanya watu. Tatizo lake ni kwamba mpishi mmoja huamua sukari ya kila mtu, wakiwemo wenye ugonjwa wa kisukari na watoto.

Hesabu yake ni rahisi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kisicho na kilima ni takriban gramu 4. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekula vijiko 9, yaani gramu 36. Akiongeza soda moja ya mililita 300 saa sita, ambayo huweza kuwa na takriban gramu 30 za sukari, amefika gramu 66.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote ambazo mtu huzipata katika chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, au vijiko 12. Shirika hilo linasema ingefaa zaidi kama mtu angeshuka hadi nusu ya hapo, vijiko 6 tu. Mtu wa vikombe vitatu na soda moja amevuka mpaka wa kwanza kabla hajala mandazi.

Sasa hesabu hiyo ihamishwe kwenye mfuko. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akitumia vijiko 9 kwa siku, inamaliza gramu 180 kila siku. Kwa siku 30 hizo ni kilo 5 na gramu 400. Nyumba hiyo ikipunguza kila kikombe kutoka vijiko vitatu hadi kimoja na nusu, itatumia kilo 2 na gramu 700 tu. Kila mama anajua bei ya sukari katika duka lililo karibu naye, na anaweza kupiga hesabu ya kilo hizo mwenyewe. Ni pesa ya daftari, ya sabuni, au ya mayai ya watoto.

Njia nyepesi ya kuanza ni kuacha kutia sukari kwenye sufuria. Chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani na kijiko kidogo ndani yake, kila mtu ajitilie. Mgeni hataona amenyimwa, kwa kuwa bakuli liko mbele yake. Na ulimi hujifunza. Anayepunguza nusu kijiko kila wiki, baada ya muda huiona chai ya zamani kuwa tamu kupita kiasi.

Pakiti ya chumvi na kalamu

Kwa chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku nzima.

Hakuna mama atakayepima gramu 5 kila siku, wala hahitaji. Kipimo kiko kwenye pakiti. Nyumba ya watu wazima watano ikikaa ndani ya kiwango hicho itatumia chini ya gramu 25 kwa siku. Kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haipaswi kuisha kabla ya siku 20. Nyumba yenye watoto inapaswa kwenda siku nyingi zaidi, kwa sababu mtoto anahitaji chumvi kidogo kuliko mtu mzima.

Zoezi ni hili: siku pakiti inapofunguliwa, tarehe iandikwe juu yake kwa kalamu. Ikiisha, siku zihesabiwe. Kama ni siku 10 na nyumba ina watu watano, jibu limepatikana bila daktari. Na ikumbukwe kuwa mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti, vidonge vya supu, krispi na samaki wa kukaushwa kwa chumvi tayari vina chumvi yake. Anayetia kiungo cha pakiti kisha akatia chumvi amelipia kitu kimoja mara mbili.

Hata hivyo, kuacha chumvi kabisa si kiasi. Chumvi ya mezani inayouzwa Kenya huongezwa madini ya iodini kwa mujibu wa sheria, na iodini ndiyo inayozuia uvimbe wa tezi shingoni na kumsaidia mtoto kukua vizuri akili tangu tumboni. Kiasi kina pande mbili. Kupungukiwa nako ni kutoka nje ya kipimo.

Sahani ya nyumbani tayari ina usawa wake. Osuga, dek, apoth na boo zina ladha yake zenyewe, na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa haihitaji chumvi nyingi kuteremka na kuon. Uji wa wimbi wa Kuria hushibisha bila sukari nyingi. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mlaji protini na kalsiamu kwa pamoja. Kinachohitajika ni kubadili mgao tu: mboga ichukue nusu ya sahani, kilima cha ugali kishuke, na kitoweo kisikaangwe kila siku. Kuchemsha na kuunga kidogo nako ni kupika.

Ziwa nalo hupumzika

Kwa mtu wa ziwa, kiasi si fundisho geni. Kila mwaka kuanzia Aprili uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane. Nchi tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria zilikubaliana kuhusu kipimo cha mbuta anayefaa kuvuliwa: asiwe chini ya sentimita 50 wala asizidi sentimita 85. Mdogo aachwe akue, na mkubwa sana aachwe aendelee kuzaa. Ndani ya kanuni hiyo fupi yamo maana yote ya kiasi: si kidogo mno, si kikubwa mno.

Hata kabla ya kanuni hizo, mwezi wenyewe ulimpangia mvuvi ratiba. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na taa hufanya kazi vizuri giza likiwa nene. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawakusanyiki, na mvuvi hurekebisha nyavu na kulala nyumbani kwake.

Nje ya ziwa pumziko hilo limepotea. Mwendeshaji bodaboda huamka alfajiri kusubiri abiria stendi ya Migori na kurudi usiku wa manane. Mwenye duka hukaa juu ya stuli saa kumi na nne. Kijana humaliza kazi, kisha hushika simu mpaka saa nane za usiku. Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba. Asiyelala vizuri huongeza hatari ya presha, na akiwa barabarani huongeza hatari ya ajali pia.

Upande wa pili wa usingizi ni mwendo. Mkata miwa na mama wa shambani hawahitaji kuambiwa wafanye mazoezi, wanayapata. Lakini mwendeshaji bodaboda, karani, mwalimu na mwenye duka wanakaa kutwa. Ushauri wa kimataifa ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kwenda kanisani au sokoni, badala ya kupanda pikipiki, kunatosha.

Mahali ambapo kiasi ni sifuri

Si kila kitu kina kiasi chake. Sigara haina. Hakuna idadi ya sigara ambayo mapafu huisamehe, na moshi wake humdhuru hata mtoto aliyeketi karibu. Kaunti ya Migori inaijua tumbaku kwa undani zaidi, kwa sababu imelimwa huku miaka mingi. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Migori wameanza kuhama kutoka tumbaku kwenda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, chini ya mpango wa serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa, yakiwemo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo. Shamba lililokuwa likilisha moshi sasa linaweza kulisha sahani.

Kuhusu pombe, Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kwa anayekunywa, kila glasi inayopungua ni faida. Kwa mjamzito, kwa anayeendesha pikipiki, gari au mashua, na kwa aliye chini ya miaka 18, kipimo ni sifuri. Na pombe isiyojulikana ilikopikwa nayo ni sifuri kwa kila mtu. Februari 2024 pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi katika kaunti ya Kirinyaga. Haina maana kusema mtu alikunywa kidogo kama kilichokuwa ndani ya glasi ni sumu. Utoaji wa leseni za pombe ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na mwananchi anayeona kilabu kinawauzia watoto ana haki ya kutoa taarifa kwa chifu au kwa msimamizi wa wadi.

Kamari ya simu hufanana na chumvi kwa jambo moja: hutiwa kidogo kidogo. Shilingi 50 asubuhi, 50 mchana, 100 jioni mechi zikianza. Hiyo ni shilingi 200 kwa siku, na kwa mwezi ni shilingi 6,000. Anayecheza aamue kabla ya wiki kuanza ni pesa gani yuko tayari kuipoteza, na ikiisha asikope kwenye simu kuifuata. Pesa ya karo, ya kodi ya nyumba na ya mafuta ya pikipiki isiingie kabisa. Anayeshindwa kushika mpaka huo kipimo chake ni sifuri, na kukubali hivyo si aibu.

Dawa haipunguzwi kwa kiasi

Kuna kosa moja linaloua watu waliojitahidi. Mtu huambiwa ana presha, hupewa vidonge, hupunguza chumvi, hujisikia vizuri. Kisha husema: sasa niko sawa, nitakunywa kidonge siku moja niruke moja, kwa kiasi. Hapana. Alikuwa sawa kwa sababu ya kidonge. Kiasi ni cha chakula na mazoea. Dozi ni ya daktari. Atakayebadilisha dozi ni mhudumu wa afya baada ya kupima.

Familia nyingi za kaunti hizi mbili, zilizopambana na virusi vya ukimwi kwa miaka mingi, zinajua kuliko wengi maana ya kumeza dawa kwa saa ile ile kila siku na kuishi miaka mingi. Ujuzi huo huo utumike kwa presha na kisukari.

Kinyume chake, kuna dawa zinazomezwa bila kipimo. Baada ya siku ya kukata miwa au kuvuta nyavu, mwili huuma, na dawa za maumivu huuzwa kwa bei ndogo. Baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa kila siku, hupandisha presha na kuharibu figo. Maumivu yanayohitaji kidonge kila siku yanahitaji zahanati, si duka.

Pa kuanzia

Kuanzia Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini walipewa mikoba yenye vifaa, ikiwemo mashine ya presha, kifaa cha kupima sukari na mizani. Mhamasishaji anapobisha mlangoni, mkono wa kila mtu mzima upimwe, hata wa baba anayesema haumwi. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikirudiwa kupimwa siku nyingine na kubaki hapo, inahitaji zahanati. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na ndicho pekee kinachoweza kuisikia presha kabla haijaangusha mtu.

Mengine yote yanaweza kuanza leo, na moja linatosha kwa mwezi wa kwanza. Nyumba moja itoe sukari kwenye sufuria. Nyingine iandike tarehe kwenye pakiti ya chumvi. Mwendeshaji mmoja alale saa mbili mapema. Kikundi kimoja cha ufuoni kiamue kwamba kila mkutano unaanza na kupimwa presha. Chama kimoja cha akina mama kiweke maji mezani pamoja na soda, ili mgeni awe na uchaguzi. Anayebadili yote kwa siku moja hurudi nyuma kwa wiki moja. Anayebadili moja hupata nguvu ya la pili.

Watu wanaoweza kupima dhahabu kwa sehemu ya gramu hawawezi kushindwa na kijiko cha chumvi. Mizani tayari wanayo, na jicho la kugundua kupunjwa wanalo. Kilichobaki ni kuibeba mizani hiyo kutoka sokoni, kuivusha kizingiti, na kuiweka jikoni.